Kila Mwenye Nafasi

Kitenzi kimoja kilimpatia binti wa Mbeya kitanda, pazia la maua na mama wa pili huko Beltsville, wakati alipokuwa amebakiza siku chache tu kutolewa hosteli na hana pa kwenda. Mwanamke aliyekiandika kitenzi hicho hajasema mpaka leo kama alikosea au alikusudia. Mimi nimemuuliza. Wenzangu wamemuuliza. Mwenyekiti wetu alimuuliza kwa maandishi, akajibiwa kwa maandishi kwamba barua yake ina koma moja ya ziada.

Tulimwita Katibu. Ana jina, tena zuri, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Hata marehemu mumewe alikuwa akipokea simu ya nyumbani na kusema, "Subiri kidogo, nakuitia Katibu," kama vile alikuwa karani wa mapokezi katika nyumba yake mwenyewe.

Alikuwa katibu wa Udada. Udada ni chama cha wanawake wa Afrika Mashariki na Kongo waliosoma vyuo vya Marekani na kubaki hapa, pande hizi za Washington na vitongoji vya Maryland. Tuliiga kwa Wamarekani Weusi, ambao wanavyo vyama vya namna hiyo tangu enzi za bibi zao: unaapishwa ukiwa mwanafunzi, unavaa rangi za chama mpaka uzeeke, na mnaitana dada hata mkiwa hamsalimiani. Rangi zetu ni manjano ya bizari na kijani cha kisamvu. Ukiacha kugombania sare, kazi yetu kubwa ni Mfuko wa Masomo, ambao kila mwaka humlipia ada binti mmoja kutoka nyumbani. Zamani fedha za Mfuko zilipatikana kwenye chakula cha jioni ukumbini, mara moja kwa mwaka, na mwaliko wa chakula hicho aliuandika Katibu. Hakuna mwingine aliyethubutu.

Hakuthubutu mtu kwa sababu Kiswahili kilikuwa kazi yake. Kabla ya kustaafu aliwafundisha maofisa wa serikali waliokuwa wakijiandaa kupelekwa Afrika Mashariki, na inasemekana wanafunzi wake walifika Dodoma wakiagiza chai kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Mwenyewe alizaliwa Tanga na hakuona sababu ya kulificha hilo. Sisi wengine tulizungumza kila mtu cha kwao, tukachanganya na Kiingereza, na Katibu alitusikiliza kama fundi cherehani anayetazama nguo zilizoshonwa na mtu mwingine.

Muhtasari wa vikao vyake ulikuwa burudani ya chama kizima. Mama Njeri wa Beltsville, mwenyeji wa Nyeri na muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, alisema siku moja kikaoni, "Mimi naonanga hiyo hall ilikuwa ndogo aki. Watu walikuwa wamefinyana hadi mtu hawezi kata nyama." Kikao kilichofuata tukasomewa: "Mjumbe wa Beltsville alibainisha kuwa ukumbi haukukidhi idadi ya wageni, hali iliyoathiri ulaji wa nyama."

"Sasa huyo ni mimi kweli?" Mama Njeri akauliza.

"Ni wewe."

"Lakini mimi sikusema hivyo."

"Siandiki ulivyosema, dada. Naandika ulichotaka kusema."

Maman Béa wa Temple Hills, ambaye ni mtu wa Bukavu na hapendi kusahihishwa, aliingilia kati. "Katibu, miye Kiswahili yangu njo ile mama yangu alinipatiaka. Utamusahihisha na mama yangu?"

"Mama yako alikupa nzuri," Katibu akasema. "Wewe ndiye uliyeiacha nje ikanyeshewa."

Walicheka wote wawili, na nadhani ndiyo sababu watu hawakumchukia. Alikuchoma, halafu akakusogezea sahani ya vitumbua. Akiona mjadala umefika mwisho alisema "Nukta," na mjadala ukaisha, hata kama ulikuwa bado una mengi ya kusema. Watoto wetu, ambao husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, hakuwakemea hata siku moja. Mtoto akimjibu kwa Kiingereza, yeye aliuliza tena swali lile lile, kwa upole ule ule, kama mtu aliyepiga hodi na anajua kuna watu ndani. Wengi walifungua mlango.

Huyu huyu mlinzi wa lugha, akishika usukani, aliongea Kiingereza kitupu. Nimewahi kupanda gari lake kwenye barabara kubwa ya mzunguko, na niliyoyasikia siwezi kuyaandika. Nilipomuuliza mbona ameacha Kiswahili chake, alisema, "Nikichafue kwa watu wasiojua kutumia taa za kupinda?"

Jambo la pili ambalo ni lazima mtu alijue kuhusu Katibu, la sivyo hataelewa kilichotokea, ni kwamba hakuwa akiomba kitu. Nakaa mitaa michache kutoka kwake, Takoma Park, na kwa miaka yote hiyo sijamsikia akisema "naomba unisaidie." Msaada aliupata, tena mwingi. Ila njia yake ilikuwa nyingine.

Alasiri moja ya theluji alinipigia simu kutoka kituo cha treni.

"Yale matairi yako ya baridi ulishayafunga?"

Nikasema nimeshayafunga.

"Yanashika?"

"Yanashika."

"Hata kwenye ule mteremko wa kutoka kituoni?"

"Katibu, unataka nije nikuchukue?"

"Mimi? Mimi naulizia matairi."

Nikaenda. Alikuwa amesimama chini ya kibanda cha basi, mkoba kifuani, theluji juu ya kilemba. Aliingia, akafunga mkanda, tukashuka mteremko, na tulipofika chini akasema, "Ndiyo, yanashika."

Dada mwingine aliulizwa kama bado ana ile cherehani yake ya zamani. Wiki chache baadaye alikuwa anashona vilemba vya chama kizima, na alipojiuliza kazi hiyo alipewa lini, hakukumbuka.

Basi, korona ikaja. Ukumbi ukafungwa, chakula cha jioni kikafutwa, na wengi wetu tulitaka Mfuko usubiri mpaka mambo yatulie. Katibu alikataa. "Binti anasoma mwaka huu," alisema kwenye simu ya pamoja. "Hawezi kusoma mwaka huu kwa ada ya mwaka kesho." Akaamua kwamba sherehe itafanyika mtandaoni, kila mtu sebuleni kwake, na sare zivaliwe kama kawaida. Mwenyekiti akauliza kama mtu atavaa sare mpaka chini au juu tu, panapoonekana. Akajibiwa kwamba heshima haina kiuno.

Ilibidi kwanza tufanye mazoezi. Katibu alisisitiza kamera zote ziwashwe, lakini ya kwake ilitazama dari. Tulichokiona cha Katibu ni kilemba cha manjano na sehemu ya juu ya paji la uso.

"Katibu, inamisha kompyuta kidogo, hatukuoni."

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia."

"Inatosha. Mimi si televisheni."

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye kipindi kile chote. Paji la uso liliongoza dua, likasoma ratiba, likamwambia Maman Béa azime kipaza sauti kwa sababu tunasikia anavyokaanga samaki. Tukajifunza kumsoma kwa mikunjo. Akiudhika, paji lilikunjamana kama shuka lisilopigwa pasi. Akiridhika, lilikuwa laini.

Kiini cha sherehe kilikuwa kutunza. Kwa Mtanzania hili halihitaji maelezo. Kwenye harusi, kwenye kicheni pati, mbele ya mwimbaji wa taarabu, mtu anainuka na zawadi mkononi, anacheza polepole mpaka kwa anayetunzwa, anampa, anarudi akicheza. Katibu aligundua namna ya kulifanya jambo hilo mtandaoni: unaanzia upande wa mwisho wa jikoni, unaijia kamera kwa madaha mpaka bahasha yako ijaze kioo kizima, kisha unarudi kinyumenyume bila kugonga meza. Fedha zenyewe zingetumwa kwa simu, kwa hiyo bahasha ilikuwa tupu. Tulimwambia basi tuache bahasha. Akasema mtu hamtunzi mwenzake kwa kidole gumba.

Kisha akaandika mwaliko. Ulikuwa mfupi, na sentensi yake muhimu ilikuwa hii: "Kila mwenye nafasi anaombwa kuja kumtunza binti yetu Tusekile."

Tusekile ndiye aliyekuwa binti wa Mfuko mwaka ule. Alisomea kazi za maabara katika chuo kimoja mjini, msichana mrefu, mpole, mwenye cheko la ghafla linalomshtua hata yeye mwenyewe. Sisi tulijua hajambo, kwa sababu kila alipoulizwa alisema hajambo. Hatukujua kwamba hosteli yake ilikuwa imefungwa, kwamba yeye na wachache wasio na kwao karibu waliruhusiwa kubaki kwa muda, na kwamba muda huo ulikuwa unakwisha siku chache tu baada ya sherehe. Ndege za kwenda nyumbani zilikuwa hazina uhakika. Chuo kilikuwa kinaendelea na masomo kwa kompyuta, lakini kompyuta inahitaji meza, na meza inahitaji paa. Asingepata pa kukaa, angeacha masomo. Hakutaka kutuambia. Tulikuwa tunamlipia ada, na aliona aibu kuonekana anadai na chumba juu yake.

Sasa rudi kwenye ile sentensi. Mimi niliisoma nikaelewa: mwenye wakati aje atoe zawadi. Watanzania wote walielewa hivyo. Lakini kwa Mama Njeri wa Nyeri, kumtunza mtu ni kumlea, kumlisha, kumwangalia asipatwe na baya. Ndiyo kazi anayoifanya kila siku kwa wazee wa watu. Na nafasi ni nafasi: mahali palipo wazi. Zamu zake zilikuwa zimemkosesha mazoezi yetu yote. Aliisoma akiwa ndani ya gari, kabla ya kuingia kazini, akaelewa kwamba chama kinamtafutia binti nyumba, na kwamba kila dada mwenye chumba anaombwa akionyeshe.

Maman Béa naye aliisoma kivyake, akadhani kuna mtoto mdogo wa kuchungwa. Alimpigia Katibu simu, na anasimulia mazungumzo hayo mpaka leo.

"Katibu, huyo mutoto iko na miaka ngapi? Miye natumika kazi mangaribi, sitaweza kumuchunga."

"Ana umri wa kutosha," Katibu akasema.

"Ah, bon. Anajikulisha?"

"Anajilisha mwenyewe."

"Basi, nitakuya."

Hakumweleza zaidi. Kumbuka hilo. Mwanamke aliyesahihisha koma za mwenyekiti alisikia kwa masikio yake kwamba kitenzi chake kinasomwa vingine, na hakukigusa.

Jumamosi ya sherehe, mchana, tulijipanga kwenye vioo vyetu kama stempu kwenye kitabu. Sala ikasaliwa, dua ikaombwa. Tuliinua sahani za pilau mbele ya kamera, kila mtu na ya kwake, na Mwenyekiti akasifu chakula ambacho hakuna aliyeweza kukinusa. Mume wa dada mmoja alipita nyuma yake akiwa na bukta na mfuko wa taka, akasimama, akatupungia mkono kwa adabu, akaendelea. Paji la uso likakunjamana kidogo.

Kutunza kukaanza. Maman Béa alikuja kutoka mbali, kutoka kwenye korido, mabega yakitangulia, na alipoifikia kamera sote tulipiga vigelegele, kompyuta zikashindwa na kelele hiyo, ikatoka kama filimbi ya refa. Mimi nilianzia kwenye friji. Dada mmoja alirudi kinyumenyume vizuri sana hadi akakalia keki. Tusekile alikuwa katikati ya kioo na kilemba chake cha manjano, akicheka lile cheko lake, anaziba mdomo, anacheka tena.

"Mjumbe wa Beltsville," likasema paji la uso. "Zamu yako."

"Sawa. Wacha nitoe simu kwa stendi."

Picha ikatikisika. Tukaona dari, tukaona viatu, tukaona ngazi za kushuka chini. Tukapita mashine ya kufulia. Mlango ukafunguliwa.

"Tuse, mum, si uone," ikasema sauti ya Mama Njeri. "Hii ndio kitanda. Godoro ni mpya, hata plastiki sijatoa. Hii meza ni ya Njeri wangu akiwa shule. Hapa ni bafu yako, hutashea na mtu. Hita iko na kelele kidogo, lakini ukiipiga teke inanyamaza. Hapa dirisha, nimeweka pazia ya maua, sijui unapenda maua. Sasa utakuja lini? Ama umeshachagua kwingine?"

Watanzania tukaangua kicheko. "Jamani Mama Njeri!" mmoja akasema. "Wewe ungekuwa mshereheshaji!"

"Eh!" Maman Béa akashtuka. "Yeye anapana nyumba?"

Simu ikageuzwa, uso wa Mama Njeri ukajaa kioo. Hakuwa anacheka.

"Mnacheka nini? Si mliandika mwenye nafasi akuje amtunze? Mimi niko na nafasi. Nimepaka rangi wiki mzima. Nyinyi zenu ziko wapi?"

Tulikuwa tumeshika bahasha. Zilikuwa tupu, na kwa namna fulani wakati ule zilionekana tupu zaidi.

Hapo ndipo nilipomtazama Tusekile vizuri, na nikaona kilichokuwa nyuma yake muda wote tukicheza: ukuta mtupu, kitanda kilichotandikuliwa, na masanduku yaliyofungwa kamba. Cheko lilikuwa limekatika. Alijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Mama," akasema, "naweza kuja Ijumaa? Ijumaa ndiyo wanafunga."

"Wanafunga nini?"

"Hosteli."

Mama Njeri akaipanga habari hiyo kichwani. Kisha akauliza, "Na leo uko na shughuli gani?"

Sote tulitazama sehemu ile ya kioo alipokuwa Katibu. Keki ilikuwa haijakatwa, ile nyingine, iliyosalimika. Hotuba ya Mwenyekiti ilikuwa haijasomwa. Paji la uso halikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Nukta," likasema, na kioo kikazima.

Mama Njeri alimfuata Tusekile jioni ile ile, madirisha ya gari yakiwa wazi na wote wawili wamevaa barakoa, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kati ya wagonjwa, waliishi wiki za mwanzo kila mmoja upande wake wa mlango wa chini. Walikula pamoja wakiwa wamekaa kwenye ngazi, mlango katikati umeachwa nusu wazi. Kabla ya miezi mingi kupita, Tusekile alikuwa anasema "aki" na Mama Njeri anasema "jamani," na hakuna aliyekuwa tayari kukiri.

Muhtasari ulisema hivi: "Mjumbe wa Beltsville alimtunza binti kwa nafasi yake. Wajumbe wengine walitunza kwa bahasha." Aliusoma kwa sauti ile ile ya siku zote.

Chama kiligawanyika. Upande mmoja ulisema Katibu aliteleza kwa mara ya kwanza maishani. Ni mtu wa Tanga, walisema, amekulia kwenye ngoma, ukimwambia kutunza anaona zawadi. Hakuwaza kwamba mtu wa Nyeri anaona kijiko na blanketi. Upande wa pili ulikumbusha kwamba kuna neno kutuza, ambalo lingeeleweka bila shida Nairobi na Dar na Bukavu, na kwamba Katibu alilifundisha neno hilo kwa maofisa wa serikali kwa miaka na miaka. Mtu aliye na ufunguo wa mlango, walisema, akipita dirishani ana sababu.

Mimi nilikuwa nasikiliza pande zote mbili. Nilimuuliza Tusekile kama alimwambia Katibu habari za hosteli. Aliapa hakumwambia. Katibu alikuwa akimpigia simu kila wiki, kama alivyowapigia mabinti wote wa Mfuko, na aliuliza mambo madogo madogo.

"Mambo gani?"

"Aliniuliza nakula nini. Nikasema biskuti. Akauliza kama biskuti ni tamu au za chumvi. Basi, hayo tu."

Sherehe za mtandaoni ziliendelea mpaka korona ilipolegea, na sentensi ya mwaliko haikubadilika, isipokuwa jina la binti. Lakini sisi tulikuwa tumebadilika. Kwenye sherehe ya pili, dada mmoja aliijia kamera akicheza na koti la baridi. Mwingine alionyesha gari lililokuwa limekaa tu gereji. Maman Béa alileta sufuria na akatangaza kwamba binti yeyote wa Mfuko atakula kwake kila Jumapili, "hata akikuya na barafiki." Dada mwingine alimvuta mumewe mpaka mbele ya kamera na kusema, "Huyu anajua mambo ya kodi. Mtumieni." Mume alikuwa yule wa bukta. Safari hii alikuwa amevaa suruali.

Tusekile alipohitimu, Mama Njeri alimfanyia sherehe ya kweli kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, Beltsville, moshi wa nyama ukipita juu ya uzio kwenda kwa jirani. Nilimleta Katibu kwa gari langu. Alikuwa anatembelea fimbo sasa, na nilipomwona ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso wote ukiwa nje kuanzia kidevu hadi kilemba, nilitambua nilikuwa nimeuzoea ule wa juu peke yake. Alikuwa amezeeka kwenye ile sehemu tusiyokuwa tunaiona.

Tusekile alipiga magoti kumsalimia, joho likaenea kwenye nyasi. Katibu alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakishikilia. Hilo sikuwahi kumwona akilifanya. Mama Njeri, aliyekuwa amesimama hapo na koleo la nyama, hakuweza kujizuia.

"Katibu, leo utasema. Wewe ulinipigia simu kabla ya ile kadi. Ukaniuliza kama beisimenti yangu, kile chumba cha chini, bado iko na unyevu. Ulikuwa unauliza ya nini?"

"Nilikuwa naulizia kifua chako. Unyevu ni mbaya kwa kifua."

"Mimi sijawahi kuwa na shida ya kifua!"

"Basi unaona," Katibu akasema, "kumbe palikuwa pakavu."

Mama Njeri alinitazama. Mimi nilimtazama Mama Njeri. Nyama ikaanza kuungua, akakimbia.

Nilimrudisha Takoma Park jua likiwa bado juu. Kwa kuwa alikuwa amefungwa mkanda na hana pa kwenda, nilimuuliza mwenyewe, moja kwa moja, zawadi au malezi.

"Wewe ulisoma nini?"

"Nilisoma zawadi."

"Ulisoma sawasawa. Na Mama Njeri alisoma sawasawa. Sasa kosa liko wapi?"

"Sikuulizi kosa. Umetuandikia miaka yote tulichotaka kusema. Wewe ulitaka kusema nini?"

Alitazama nje. Tulipita taa, tukapita kanisa dogo, tukapita watu wanaosubiri basi. Mkono wake ulikuwa juu ya fimbo na kidole kimoja kilikuwa kinagonga taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka alama.

"Kile chumba cha mwanao aliyehamia Texas," akasema, "bado mnaweka ile baiskeli ya mazoezi?"

"Bado."

"Mnaipanda?"

"Hapana."

"Ni nzito?"

"Katibu, unataka nini?"

"Mimi? Mimi naulizia baiskeli."

Mwaliko wa mwaka huu umefika leo asubuhi. Binti anatoka Singida, jina lake ni geni kwangu, na sentensi ni ile ile, herufi kwa herufi. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa kile chumba. Mkononi nina bahasha, na bado sijajua kama niijaze au niiweke chini ili nipate mikono miwili ya kushika baiskeli.